Vidole Viwili Chini ya Ukurasa

Mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu alikuja likizo juzi akiwa amenuna kama mtu aliyenyimwa ubwabwa wa harusi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Bibi, wamenirudishia tasnifu. Masahihisho kila ukurasa, na karibuni naitwa kuitetea." Nikamwambia anionyeshe anavyosahihisha. Akafungua kompyuta yake, akabonyeza mahali, aya nzima ikahama kutoka huku ikaenda kule, na kurasa zote zilizofuata zikajipanga zenyewe bila kuombwa. Nilicheka mpaka akazidi kununa.

Basi haya ninayaandika kwa ajili yake na nyinyi wenzake mnaolia mbele ya mashine inayofanya kazi yote. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika chuo kidogo cha walimu, Singida mjini, enzi za Mwingereza. Elimu yangu haikuwa ndefu. Nilimaliza shule ya wasichana ya misheni, nikafundishwa taipu, na kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyepesi na kichwa kimejaa ndoto, nikapewa chumba chenye dirisha linalotazama Ziwa Kindai. Wanachuo waliniita Dada Tabitha, hata wale wenye ndevu.

Kila mwanachuo wa mwaka wa mwisho alitakiwa kuandika kitu tulichokiita insha kubwa. Ndiyo hiyo tasnifu yenu, ila yetu ilikuwa ya Kiswahili na ilihusu mambo ya kwao mwandishi. Akishaiandika, mimi naipiga chapa, watahini wanaisoma na kuchorachora, inarudi kwangu, halafu siku ya kuitetea anakaa mbele yao na kuulizwa maswali. Akipita, ni mwalimu. Akishindwa, kijembe cha kupalilia mtama kinamsubiri kwao.

Sasa sikilizeni jinsi neno moja lilivyokuwa likisahihishwa. Napiga karatasi tatu kwa pamoja, katikati kaboni ya kunakilia. Kosa likitokea, liko kwenye zote. Nachukua wembe, sio wa kukata, wa kukwangua, na nakwangua herufi taratibu kama unavyoondoa ukoko wa uji kwenye sufuria ya mama mkwe. Ukikwangua kwa hasira karatasi inatoboka, na kazi inaanza upya. Kisha nasugua kwa ukucha ili wino usisambae. Halafu ndipo akili inapohitajika, kwa sababu neno jipya lazima lienee pale lilipotoka la zamani. Mtahini akifuta "watu" na kuandika "wananchi", mimi nimekwisha. Kwa hiyo nilikuwa namfuata mtahini kwa adabu zote na kumwambia, "Shikamoo Mwalimu. Naona 'watu' umelifuta. Je, 'raia' haliwezi kufaa?" Wengi walikubali. Walidhani nina kipaji cha lugha. Nilikuwa nahesabu herufi tu.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Yusufu, karani wa zamani wa boma aliyekuwa akija kutengeneza mashine yangu ilipokwama. Alinikuta siku moja naijaza karatasi kuanzia juu mpaka chini kabisa, maana niliona aibu kupoteza karatasi ya serikali. Akaweka vidole vyake viwili chini ya ukurasa, hivi, kwa kulala.

"Binti, hapa usipige kitu."

"Kwa nini, Mzee?"

"Hawa wasomi hawajui kumaliza. Leo atakwambia imekwisha, kesho atakuja na kamstari kadogo ka kuongeza. Ukiwa hujamwekea mahali, hako kamstari katasukuma kurasa zote zilizo mbele, na wewe utapiga upya mpaka ndoa ikupite."

Ndoa haikunipita, na nadhani ni kwa sababu nilimsikiliza. Tangu siku ile kila ukurasa wangu ulikuwa na vidole viwili vitupu chini. Wakuu wa chuo walidhani ndiyo mtindo wa Ulaya.

Jambo jingine nililojifunza ni kutotupa ukurasa uliokataliwa. Mtahini anayesema "ondoa" Jumatatu ndiye atakayesema "rudisha" Alhamisi, na atakasirika kama hukuujua mpango wake. Kurasa zote zilizoondolewa nilizilalia, yaani niliziweka chini ya mto niliokuwa nakalia. Wanachuo walikuwa wakisema Dada Tabitha anazidi kurefuka kila msimu wa insha. Na jiwe. Msisahau jiwe. Upepo wa Singida mnaujua, na mawe ya Singida mnayajua, basi mwanachuo mmoja alidharau kuweka jiwe juu ya sura yake ya pili, na dirisha lilikuwa wazi. Tulizikuta baadhi ya kurasa ukingoni mwa Kindai, heroe wakizikanyaga kwa miguu yao mirefu, wanainama, wanatazama, wanaendelea na safari. Yule kijana akasema hata ndege wameikataa.

Lakini niliyetaka kuwasimulia ni Mghenyi.

Mghenyi alikuwa Mnyaturu kama mimi, wa Issuna, mrefu, mwembamba, mwenye haya. Watu wa kijijini kwao walikuwa wamejenga chumba cha darasa kwa mikono yao. Kuta zimesimama, sakafu imesiribwa, wamebaki kuezeka. Mabati walikuwa wameahidiwa na ofisi, yako bomani yamefungwa, ila kwa sharti moja: yatakwenda Issuna ikiwa mwana wao atafaulu mwaka ule na kuwa mwalimu wao. Asipofaulu, mabati yanakwenda kijiji kingine na kuta zile zitasubiri mvua. Mama yake alikuwa akija kwa miguu na kwa malori kumletea karanga, na kila akija alipitia dirishani kwangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba chumvi dukani, basi tulizungumza Kinyaturu chetu.

"Mwanangu, hayo maandishi hayajaiva tu?"

"Bado kidogo, mama."

"Mtama wenyewe hauchukui muda hivyo."

Insha ya Mghenyi ilihusu utani. Wengi wenu mmekulia mjini, kwa hiyo nieleze. Sisi Wanyaturu na Wanyiramba ni watani. Mnyiramba akinikuta njiani anaweza kunitukana mbele ya mume wangu, akachukua kuku wangu akaenda naye, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Ninachoweza ni kumtukana vizuri zaidi, au kukomboa kuku wangu kwa kitu, au kungoja zamu yangu. Ndiyo mapatano ya babu na babu. Sura ya nne ya insha ilieleza hayo ya kuchukuliana vitu, nayo ndiyo ilikuwa moyo wa kazi yote. Ukiitoa, kilichobaki ni salamu na hitimisho.

Watahini waliokuwa na neno walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bwana Mkaguzi, Mwingereza mwenye masharubu mekundu, aliyejua Kiswahili kizuri cha vitabuni. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na swali moja tu maishani, analiandika pembeni mwa kila kitu: "Ushahidi uko wapi?" Wanachuo walimwita Bwana Ushahidi. Inasemekana mpishi wake alimwambia chumvi imekwisha, naye akamuuliza hivyo hivyo.

Wa pili ni Mwalimu Kitundu, Mnyiramba wa Kiomboi, mtu mzima, mnene kidogo, mwenye miwani mizito kama chini ya chupa. Bila miwani ile alikuwa anasalimia nguzo. Yeye na Mghenyi walikuwa na kazi ngumu, maana kwanza ni mwalimu na mwanafunzi, na heshima ilikuwa lazima itangulie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeamka na njaa, au njaa ndiyo imekuamsha?"

"Imeniamsha, Mwalimu. Ilikuwa inatoka kwenu Kiomboi, inatafuta pa kulala."

"Mnyaturu anajibu. Dada Tabitha, andika tarehe, Mnyaturu amejibu."

Rasimu iliporudi, masahihisho ya Mwalimu Kitundu yalikuwa yamechanganyika. Hapa kasema rekebisha mpangilio wa aya, pale kasema ongeza kwamba Wanyaturu walifundishwa kuoga na Wanyiramba. Mghenyi na mimi tulikaa kutenganisha masahihisho na matusi kama watu wanaochambua mchele. Lakini ya Bwana Mkaguzi hayakuwa na mchanganyiko. Aliipiga mstari sura ya nne yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akaandika: "Watu wazima hawawezi kunyang'anyana mali bila ugomvi. Ushahidi uko wapi? Lete ushahidi au ondoa sura hii."

Mghenyi akaenda kukusanya maneno ya wazee, akayaleta. Bwana Mkaguzi akasoma, akasema haya ni maneno ya wazee, naye ameomba ushahidi. Siku ya kutetea ikawa inakaribia. Nikamwona kijana wa watu anaingia chumbani kwangu na karatasi mpya mkononi, uso umesinyaa.

"Dada, toa sura ya nne. Nimeandika nyingine, ya kilimo cha karanga."

"Karanga zinahusianaje na utani?"

"Hazihusiani. Lakini karanga anaweza kuziona."

Moyo uliniuma. Nilikuwa nimeipiga chapa sura ile kwa raha, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na niliona kabisa kwamba ile ya karanga ingemwangusha vilevile, ila kwa upole. Nikamwambia aiache mezani niitazame. Jioni Mwalimu Kitundu akapita kuchukua mitihani yake, akaziona zile kurasa za karanga chini ya jiwe.

"Hii takataka ya nani?"

Nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza sikuona mzaha usoni mwake.

"Mwambie huyo Mnyaturu wako asiguse sura ya nne. Na mwambie siku hiyo avae viatu vizuri."

"Viatu, Mwalimu?"

"Viatu. Asije na zile kandambili za matairi akatuaibisha."

Nikafikisha ujumbe kama ulivyo. Mghenyi akaazima viatu vyeusi kwa mwenzake, vinang'aa mpaka unajiona meno. Karanga nikazikalia.

Siku yenyewe nilikuwa ndani ya chumba cha mtihani, kwenye kona, kwa sababu mabadiliko yakiagizwa ni mimi wa kuyaandika. Mama yake Mghenyi alikuwa nje, amekaa kwenye jiwe karibu na dirisha na kikapu chake. Bwana Mkaguzi akauliza maswali ya sura za mwanzo, Mghenyi akajibu kwa sauti iliyotoka mbali. Wakafika sura ya nne.

"Bwana Mghenyi, niliagiza ushahidi au kuondoa. Sioni ushahidi. Na sura bado ipo."

Mghenyi akatazama vile viatu vya kuazima. Nje nilisikia kuku wa mtu analia, nikafikiria mabati.

Mwalimu Kitundu akasimama. Akazunguka meza polepole, akafika mbele ya Mghenyi, akamtazama miguuni.

"Vua."

Mghenyi akamwangalia. Kisha nikaona kitu kinabadilika usoni mwake, kama mtu aliyesikia sauti ya nyumbani kwao sokoni. Akainama, akavua viatu, akampa. Mwalimu Kitundu akavua vyake, akavivaa vile, ambavyo havikumwenea hata kidogo, akaanza kutembea chumbani kisigino kikiwa nje.

"Viatu vizuri. Vilikuwa vinateseka kwa Mnyaturu."

"Vitateseka zaidi, Mwalimu," Mghenyi akasema, na sauti sasa ilikuwa yake. "Havijawahi kubeba ugali mwingi hivyo."

Bwana Mkaguzi akagonga meza. "Mwalimu Kitundu, rudisha viatu vya mtahiniwa mara moja."

"Bwana, tafadhali," Mghenyi akasema akiwa pekupeku, "asirudishe. Akirudisha kabla sijavikomboa, atakuwa amenidharau. Imeandikwa sura ya nne, katikati."

Bwana Mkaguzi akafungua sura ya nne, akasoma katikati. Masharubu yakacheza. Lakini hakuwa mtu wa kununuliwa kirahisi. Akaweka kalamu chini.

"Nyinyi mnafahamiana. Mnafanya kazi chuo kimoja. Huu ni mchezo mliopanga, na mchezo uliopangwa si ushahidi. Nasikitika."

Mwalimu Kitundu akasimama katikati na viatu vya watu, na nikajua hakuwa na la pili. Alikuwa amepanga la kwanza tu.

Mama yake Mghenyi alikuwa amesimama dirishani. Hakuelewa Kiswahili kilichosemwa, alichoona ni mtu mzima anatembea na viatu vya mwanawe na mwanawe yuko pekupeku. Akaniita kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kuuliza bei.

"Tabitha. Huyo mtu ni wa wapi?"

"Ni Mnyiramba, mama. Wa Kiomboi."

"Aa."

Akatoweka dirishani. Kumbe anazunguka mlangoni. Akaingia kama anaingia jikoni kwake, akawasalimu wote mara moja kwa kichwa, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kitundu, akanyoosha mkono, akamvua miwani. Akaifunga kwenye pindo la kaniki yake, fundo gumu, akakaa chini sakafuni na kunyoosha miguu.

"Sawa," akasema. "Na mimi nimepata."

Mwalimu Kitundu akapapasa hewa. "Nani amenichukulia macho yangu?"

"Mama yangu, Mwalimu," Mghenyi akasema.

"Nilijua ni Mnyaturu. Nimesikia harufu ya maziwa yaliyoganda."

Nikamtafsiria mama. Akacheka mpaka akashika ubavu, akajibu jambo kuhusu Wanyiramba na panya wa kuchoma ambalo sikulitafsiri kwa ukamilifu.

Bwana Mkaguzi alikuwa amesimama bila kujua. Akaniagiza nimuulize yule mama kama anamfahamu Mwalimu Kitundu. Nikamuuliza.

"Simfahamu. Ndiyo kwanza namwona."

"Amechukua viatu vya mwanao. Hukasiriki?" Bwana Mkaguzi akauliza kupitia kwangu.

Mama akanitazama mimi, sio yeye, kama anayeuliza kama mtu huyu ni mgonjwa. "Nikasirike kwa nini? Si umesema ni Mnyiramba?"

Nikatafsiri. Bwana Mkaguzi akakaa. Mama akaendelea kumtazama, masharubu na yote, kwa huruma kidogo. "Na huyu mwekundu, watani wake ni kina nani?"

Mwalimu Kitundu aliyasikia maneno hayo, maana Kinyaturu anakielewa, akajibu kwa lugha hiyo hiyo kabla yangu. "Hana watani, mama. Mwonee huruma."

Mghenyi akamweleza Bwana Mkaguzi kilichosemwa. Nilidhani ndiyo mwisho wetu. Yule mzungu akatazama nje kuelekea ziwani, kisha akakohoa kile kikohozi chao ambacho ndani yake kuna kicheko.

"Mwalimu Kitundu, una swali jingine kwa mtahiniwa?"

"Ninayo mengi, Bwana. Nimeyaandika hapa. Lakini siwezi kuyasoma."

Na kwa kweli hakuweza. Mama aligoma kufungua fundo mpaka viatu virudi, na Mwalimu Kitundu aligoma kuvua viatu mpaka apewe na karanga juu yake. Utetezi ukaishia hapo, kwa sababu mtahini hana macho.

Bwana Mkaguzi akanipa karatasi za sura ya nne. Pale alipokuwa ameandika "ondoa" alikuwa amepiga mstari. Akasema, "Aongeze maelezo chini ya ukurasa huu: mtahini ameshuhudia jambo hili mwenyewe. Kama itabidi kupiga upya sura nzima, basi ipigwe."

Nikaushika ukurasa juu, kwenye mwanga wa dirisha. Chini kulikuwa na vidole viwili vyeupe, vimelala hapo vinangoja tangu mwanzo. Nikaurudisha kwenye mashine, nikaulinganisha na mistari ya juu mpaka ukakaa sawasawa, nikapiga maneno yale kwa nakala zote bila kukwangua herufi hata moja. Mzee Yusufu angekuwepo angeagiza chai.

Mabati yalikwenda Issuna kabla ya mvua. Mghenyi alifundisha pale mpaka nywele zikawa nyeupe, na kila mwaka alimtumia Mwalimu Kitundu debe la karanga lenye mawe nusu.

Mwalimu Kitundu alipofariki, tulikuwa tumekwisha kuwa wazee, na bendera ilikuwa imekwisha badilika. Familia yake iliniomba nipige chapa wasifu wa marehemu. Nikaupiga kwa mashine yangu ya zamani, na chini nikaacha nafasi kama kawaida ya mkono wangu. Huko Kiomboi, makaburini, msomaji alipofika kwenye "marehemu alikuwa mpole", sauti ikatoka nyuma.

"Ushahidi uko wapi?"

Ni Mghenyi. Amekuja na kalamu nyekundu. Akamnyang'anya msomaji karatasi, akaisahihisha mbele ya waombolezaji, aya kwa aya, akifuta "mpole" na kuweka "mwizi wa viatu", na watu waliokuwa wanalia wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Alipofika chini akakuta nafasi, akanitazama kupitia umati ule, akajua ni ya nani. Akaandika kitu hapo ambacho hakukisoma kwa sauti. Halafu, kama mtani anavyoruhusiwa msibani, akakaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, akasema hakuna udongo utakaoingia mpaka akombolewe.

Wakampa kuku, akakataa. Wakampa shuka, akakataa. Mjane wa Mwalimu Kitundu akaingia ndani, akatoka na ile miwani mizito kama chini ya chupa, akamwekea mkononi.

Mghenyi akaivaa, akatoa miguu kaburini, akasimama. Akageuza kichwa huku na huku, akasema haoni kitu. Akaivua akatupitishia mmoja mmoja tujaribu, na kila aliyejaribu alisema hivyo hivyo, hata sisi ambao, kwa machozi, tulikuwa hatuoni hata bila miwani.